Picha za Futi

"Nani alikutuma uiguse?"

"Hakuna aliyenituma, Mama. Chuo ndicho kinachotaka mfumo mpya. Programu ya mtihani wa hesabu haikubali ule wa zamani. Nimekwambia mara ngapi?"

"Na mimi nimekwambia mara ngapi hiyo kompyuta isiguswe? Ilikuwa inatembea."

"Ilikuwa inachechemea."

"Anayechechemea anafika! Haya, iangalie sasa. Imevalishwa nguo mpya, imepakwa rangi, na haimjui mtu."

Mama Futi alisema hayo akiwa bado ameshika mkasi wa kukatia mapazia, ule mkubwa wenye mpini mweusi, akiunyoosha kuelekea kwenye kioo cha kompyuta kama mwalimu anayeonyesha ubao. Kifungo, binti yake, alikaa kwenye stuli na kujivuta nyuma kidogo. Alijua mama yake akishika mkasi hana nia mbaya, ila husahau tu kuuweka chini. Lakini mkasi ni mkasi.

Chumba kile cha mbele kilikuwa sebule, kikageuka karakana ya mapazia, na sasa usingeweza kusema ni kipi. Vyerehani viwili, meza ya kukatia, marobota ya kitambaa yamesimamishwa kwenye kona kama wageni waliokosa viti. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya cherehani cha zamani kilichong'olewa, tundu lake limezibwa kwa ubao. Waya wa mtandao uliingia kupitia dirishani, ukatambaa ukutani, ukaishia nyuma yake.

Kioo kilikuwa kimejaa vipicha vidogo, kila kimoja kama stempu, vimepangwa safu kwa safu. Ukitazama kwa mbali ungesema hakuna kilichoharibika. Lakini ukibonyeza kimoja, kinatanuka, kinajaa ukungu, halafu maandishi yanatokea katikati: picha hii haipo kwenye kompyuta hii, ingia upya kwenye akaunti yako. Tangu asubuhi Mama Futi alikuwa amebonyeza kila safu, na kila safu ilimjibu vilevile, kama karani wa dirishani aliyeshachoka na watu.

Ndani ya vipicha vile alikuwemo Futi, mwanawe wa kwanza. Mahali pengine popote duniani hakuwemo tena.

Jina hilo la utani alilipata akiwa mdogo, kwa kuchezea futi ya kupimia nguo mpaka akalala nayo shingoni. Alipofika ujana akarefuka hata wateja wakawa wanamtania kwamba aliimeza. Mwaka juzi figo zilikataa kazi, akaenda na kurudi hospitali, akaenda, hakurudi. Na Mama Futi si mtu wa kuweka vitu. Mazishi yalipokwisha alifungua kabati. Viatu vikaenda kwa mlinzi wa jirani, godoro kwa mwenye shida, jaketi na simu kwa mtoto wa kaka yake. Watu walinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Akawaambia kabati la marehemu halimfufui mtu.

Laini ya simu aliibakiza kwa muda, akaiweka kwenye simu yake ya pili ili wanaompigia marehemu waambiwe. Hilo ndilo lililomshinda. Kila siku kulikuwa na mtu ambaye hajapata habari. "Huyo mrefu yupo? Mwambie nampigia." Na kila siku alilazimika kumuua mwanawe upya, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wateja. Siku moja akaitoa ile laini, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akaikata vipande viwili kwa mkasi na kuifagia pamoja na vipande vya vitambaa. Marehemu hapokei simu.

Picha tu ndizo alizobakiza, tena kwa kuwa hazikuchukua nafasi. Futi mwenyewe ndiye aliyezihamisha alipoanza kuumwa, na simu yake ilipojaa.

"Mama, nazipeleka juu, kwenye wingu. Huko hakuna mchwa, hakuna mwizi, hakuna mvua."

"Wingu lisilo na mvua! Haya, baba. Peleka."

Tangu mazishi, kila asubuhi, kabla ya sindano ya kwanza, alikaa mbele ya kompyuta na kikombe cha chai akafungua picha moja. Moja tu, kama dawa. Alianzia juu, akashuka siku kwa siku, na alipofika zilipoanza picha za hospitali alirudi mwanzo. Zile za mwisho hakuzifungua kamwe. Kwa muda mrefu sasa picha zilikuwa hafifu kidogo, akadhani ni macho, akanunua miwani.

Na kulikuwa na video moja. Futi alikuwa ameegesha simu kwenye rafu, akamzungushia mama yake futi kiunoni na kutangaza kwa sauti ya mnadani: "Kiuno! Jamani, kiuno hakijulikani, futi imeisha!" Mama Futi alimpiga kwa rula ya mbao na wote wawili wakacheka mpaka picha ikatikisika. Hapo tu ndipo sauti yake ilipobaki. Mwaka huu mzima video ile ilikuwa haifunguki, kiduara kinazunguka mpaka chai inapoa. Mama Futi alilaumu mtandao wa mtaa. Hakuwa na haraka. Alijua sauti ipo, na iko salama juu.

"Inataka tuingie upya, ndiyo tu," Kifungo alisema sasa. "Neno la siri ninalo. Kaka alinipa."

"Basi ingia!"

"Nimeingiza. Inasema imetuma namba sita kwenye simu yake ili kuhakikisha." Akageuka akamtazama mama yake kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze. "Kwenye laini yake, Mama. Sasa uniambie laini iko wapi. Mimi niliigusa kompyuta, sawa. Nani alikata laini?"

Mama Futi aliigeukia kompyuta.

"Chomoa nyaya," akasema. "Tunaipeleka kwa Daktari."

*

Daktari alitibu kompyuta na simu kwenye ujia wa jengo la maduka, kati ya muuza vipodozi na kinyozi. Kibanda chake kilikuwa chembamba kiasi kwamba mgonjwa akiingia ndugu wanabaki nje. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na hakuwahi kukiri kwamba kuna ugonjwa asioujua.

"Mgonjwa ana nini?"

"Amesahau watu wake," Mama Futi alisema.

Daktari aliunganisha nyaya, akapuliza vumbi, akabonyeza hapa na pale huku akipiga mluzi. Mluzi ukakatika.

"Mama, hii kompyuta haina picha."

"Kila asubuhi nilikuwa naona nini, majini?"

"Ulikuwa unaona vivuli. Hili ni kuukuu, tumbo lake dogo. Mwanao alilipanga libakize vipicha vidogo, zile kubwa lizivute kutoka juu ukiziomba. Na kwa ninavyoona halijavuta chochote siku nyingi sana. Lilikuwa limekwama. Hukuwa unaona ukungu?"

Mama Futi alivua miwani akaitazama. Kisha akaivaa tena, maana alikuwa ameinunua.

"Tiba yake rahisi," Daktari aliendelea. "Mfumo mpya umeshaondoa kilichokwamisha. Ingieni tu kwenye akaunti. Kompyuta na wingu zikishikana mikono, kila kitu kitarudi chenyewe kama mbuzi jioni."

"Namba inakwenda kwenye laini niliyoikata," Mama Futi alisema bila kupepesa.

"Uliikata kwa maana uliifunga?"

"Niliikata kwa maana niliikata. Kwa mkasi."

Daktari alimtazama, akamtazama na Kifungo, akaona hakuna mzaha. "Basi atakuwa nayo mtu mwingine. Laini ikikaa bila kutumika wanampa mwingine. Mpigieni. Mkimwomba kwa adabu atawasomea."

"Na akikataa?"

"Mtabaki na vivuli, Mama. Wapo wasio na hata hivyo."

*

Nyumbani waliirudisha kompyuta juu ya ubao wake, wakachomeka waya wa mtandao. Mama Futi aliweka simu yake katikati ya meza ya kukatia, akaweka spika, akaanza kubonyeza namba kwa kichwa. Kuna namba mtu hazisahau hata akizikata kwa mkasi.

"Mama," Kifungo alisema, "labda twende kwenye ofisi ya kampuni ya simu."

"Tukafanye nini? Tupange foleni? Kwani unaogopa nini?"

"Siogopi."

"Mbona umesimama kama mtu anayesubiri matokeo?"

Simu ililia, ikapokelewa. Sauti ya mwanamume mtu mzima, na nyuma yake msumeno ukikereza mbao.

"Haloo."

"Habari yako, baba. Mimi ni mama wa mwenye laini hiyo."

"Laini hii ni yangu, Mama."

"Ni yako sasa. Zamani ilikuwa ya mwanangu. Sina maneno mengi. Sasa hivi itaingia meseji yenye namba sita. Nisomee."

Msumeno ulinyamaza.

"Mama, mimi ni seremala, lakini kichwa changu si cha mbao. Nikusomee namba sita, kesho niamke hata kitanda nilicholalia kimehama?"

"Mimi si mwizi!"

"Hajatokea mwizi akajitambulisha. Wa wiki iliyopita aliniambia nimeshinda gari. Wewe unanipa nini?"

"Sikupi kitu. Mwanangu amekufa."

"Pole sana. Wa mwezi uliopita naye alikuwa amefiwa."

Akakata. Mama Futi akapiga tena, akapokelewa na kukatwa kabla hajamaliza kusema baba. Akapiga tena, haikupokelewa. Alisimama ameegemea meza kwa viganja vyote viwili, na Kifungo akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: mama yake hajui afanye nini. Mtu ambaye hata siku ya mazishi alikuwa akielekeza wapi pawekwe viti.

Kifungo akaivuta simu. Alipiga na kusubiri mpaka ikakaribia kukatika.

"Mama, nitakuripoti," seremala alifoka.

"Baba, usikate. Si Mama. Mimi ni..." Akaishika simu vizuri. "Mimi ndiye ninayekuandikia Jumapili."

Upande wa pili msumeno ukasimama.

"Wewe ndiye wa 'Kaka'?"

"Ndiyo."

Mama Futi aliinua kichwa polepole akamtazama binti yake.

"Mwanzo nilidhani umekosea namba," seremala alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nikasema nitakwambia. Kisha ikaja ya pili, ya tatu, nikaona haya. Mtu akikosea mara moja unamwambia. Akikosea mwaka mzima, unamwambia nini?"

"Sikukosea, baba. Nilijua hayupo. Sikujua kama kuna mtu."

"Hm." Kitu kilikwaruza, labda stuli. "Nitajuaje kama ni wewe kweli? Siku hizi wanadukua mpaka ndoto. Haya, niambie. Uliniandikia umeunguza kitu. Uliunguza nini?"

Kifungo alimtazama mama yake. Akaitazama pasi juu ya rafu. Akafumba macho.

"Pazia."

"Rangi gani?"

"Zambarau. La hoteli."

"Ukafanyaje?"

"Nikakata palipoungua, nikapandisha upindo, nikanyamaza."

Pazia la hoteli! Mama Futi alilikumbuka pazia lile kama mtu anavyokumbuka jino lililomuuma. Lilikuwa limefika kwenye dirisha likapungua kwa upana wa kiganja. Alilipima, akalipima tena, akalishona jingine usiku na mchana, na tangu siku ile alikuwa amejiambia kwamba mkono wake unazeeka pamoja na macho yake. Alikuwa ameanza hata kukataa kazi kubwa.

"Yaani mimi," alisema taratibu, "nimeacha kuuamini mkono wangu mwenyewe, kumbe..."

"Nisamehe, Mama."

"Tutazungumza. Mwambie asome."

"Tumeni meseji yenu," seremala alisema. Kifungo alibonyeza, wakasubiri, na baada ya muda mzee yule akaanza kuzisoma zile namba moja moja, kwa uangalifu, kama anayemsomea mwenzake vipimo vya mbao. Kifungo aliziandika kwenye kipande cha kitambaa kwa chaki ya fundi.

"Mungu akubariki, baba."

"Amina. Binti, ngoja." Akasitasita. "Yule mama yako. Uliniandikia kwamba hajalia hata siku moja, na kwamba unamwogopa. Nimekuwa nikiwaza. Ameshalia?"

Spika ilikuwa wazi. Maneno yalitua katikati ya meza, mbele ya mkasi.

"Asante, baba," Kifungo alisema, na akakata.

Mama Futi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, upande mmoja, upande wa pili, upande wa kwanza tena.

"Ingiza namba," akasema.

*

Ilikubali. Maandishi ya akaunti yakageuka kijani na chini ya kioo ukatokea mstari mwembamba na neno moja: Inasawazisha. Kompyuta na wingu zilikuwa zimeshikana mikono.

"Imekubali! Mama, imekubali!"

"Video kwanza," Mama Futi alisema. Alikuwa ameshavuta stuli na kukaa, magoti yamegusa meza. Uso wake ulikuwa umelegea, ukaonekana mdogo kuliko umri wake. "Tafuta video."

Kifungo alishuka kwa safu mpaka akakiona kipicha: Futi ameinama, futi ya kupimia imening'inia shingoni, mdomo wazi, yupo karibu kusema neno. Akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Inavuta," Kifungo alisema. "Tusubiri ivute."

Wakasubiri. Na huku wakisubiri, kule chini kabisa, baada ya picha ya mwisho, vipicha vipya vikaanza kuingia. Viatu vyeupe. Kisogo cha mtu aliyenyolewa mistari. Pikipiki. Viatu vilevile kwa pembeni.

"Hizi ni nini?" Mama Futi aliuliza. "Futi hakuwa na viatu kama hivyo."

Ikaingia nyingine: kijana amesimama mbele ya ukuta wa bluu, mikono mifukoni, amevaa jaketi lenye zipu ya pembeni. Mama Futi aliisogelea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Zipu ile aliishona yeye, maana ya mwanzo iliharibika. Alilijua jaketi kabla hajaujua uso.

"Si mtoto wa mjomba wako huyu?"

Kifungo alikuwa ameshika kipanya kama mtu aliyeshika kitu cha moto na hajui akitupe wapi.

"Mama. Ile simu ya Kaka uliyompa. Uliisafisha kwanza?"

"Nilimwambia aisafishe mwenyewe."

"Ulimwambiaje? Maneno gani hasa?"

Mama Futi aliyakumbuka yote. Pale mlangoni, kijana ameipokea simu kwa mikono miwili, kichwa chini. "Shangazi, na vitu vyake vilivyomo?" Na yeye alikuwa na haraka, ana marobota ya kuhamisha, ana koo ambalo hakutaka lifunguke. "Futa kila kitu, uanze upya. Simu ni simu." Na mtoto yule ni mtiifu. Ukimwambia afagie uwanja, anafagia mpaka kwa jirani.

"Nilimwambia afute kila kitu," alisema.

"Akafuta." Sauti ya Kifungo ilikuwa nyembamba. "Akafuta picha, ila akaunti hakuitoa. Simu iko ndani ya akaunti ya Kaka mpaka leo. Ukifuta kwenye simu, Mama, kinafutika na juu. Kinakaa kwenye pipa la taka mwezi mmoja, basi."

"Unasema nini?"

"Nasema juu hakuna kitu. Tangu mwaka juzi hakuna kitu."

"Na hizi?" Mama Futi alikigusa kioo kwa kidole. "Hizi nilizokuwa naziona?"

"Hizi zilibaki kwa sababu kompyuta ilikuwa imekwama. Haikupata habari."

Haikupata habari. Mama Futi alikaa na maneno hayo. Dunia nzima ilikuwa imeshajua kwamba mwanawe hayupo, kampuni ya simu, kabati, hata mtoto wa kaka yake. Kimashine hiki kibovu peke yake, juu ya meza ya cherehani kilichokufa, kilikuwa hakijaambiwa. Ndiyo maana kila asubuhi kilimtoa Futi kumwonyesha. Ubovu ndio uliokuwa umemhifadhi. Na leo wamehangaika mchana kutwa, wamembembeleza mtu wasiyemjua, wamefichuana siri, ili kukiponya kisikie.

"Na sasa?" aliuliza, ingawa alijua.

"Sasa imeambiwa."

Kipicha cha kwanza kabisa, kule juu kushoto, kikatoweka. Hakikulia wala kuaga. Kilichokifuata kikasogea mahali pake, halafu nacho kikatoweka. Futi na sare ya shule. Futi juu ya ngazi akitundika pazia. Futi amelala juu ya marobota, mdomo wazi. Kisha ikawa si kimoja kimoja tena, ikawa safu.

"Isimamishe!"

"Nasimamisha! Kitufe kilikuwa hapa, zamani kilikuwa hapa juu, wamekihamisha!" Kifungo alikuwa anafungua madirisha juu ya madirisha, akilia na kubonyeza, kipanya kinateleza kwenye jasho la kiganja. "Mipangilio... si hii... Mama, sijui wamekiweka wapi!"

"Zima!"

"Nikizima nikiwasha itaendelea pale pale! Waya! Chomoa waya nyuma!"

Kile kiduara kwenye video kilikuwa bado kinazunguka. Mama Futi alikitazama, na Futi chini yake, mdomo wazi, neno lipo kwenye ulimi. Kiduara kikasimama. Kwa nukta moja alidhani atasikia sauti. Kisha mdomo ule, na futi shingoni, na mkono wake yeye mwenyewe ulioinua rula, vyote vikawa weupe mtupu, na kipicha kilichofuata kikajisogeza kikakaa pale.

Mama Futi akasimama.

Hakuomba ushauri. Hakuinama nyuma ya kompyuta kutafuta waya upi ni upi, maana kinachochomolewa leo huchomekwa kesho na mtu mwenye nia njema. Aliuchukua mkasi wa mpini mweusi, akazunguka meza, akafika dirishani ambapo waya wa mtandao unaingia ndani.

"Mama, mtihani wangu..."

"Utaufanyia chuoni. Utaenda na kurudi kwa miguu kama ni lazima. Humu ndani mtandao hautaingia tena."

Akauingiza waya kati ya makali ya mkasi, akabana kwa mikono miwili. Ulikuwa mgumu kuliko laini, mgumu kuliko kitambaa chochote. Akabana tena, na ukakatika kwa mlio mdogo kama wa jino. Nusu moja ikaanguka nje, upande wa mtaa. Nusu nyingine ikaning'inia ukutani. Aliishika hiyo nayo, akaikata karibu na kompyuta, akaviringisha kipande kile mkononi na kukitia kwenye ndoo ya masalia ya vitambaa.

Kioo kikatulia. Chini kikaandika kwamba hakuna mtandao na kusawazisha kumesimama.

Kifungo alijifuta uso kwa mkono wa blauzi na kuinama kutazama kilichosalia. Vipicha vya binamu, viatu na pikipiki. Na juu yake safu mbili za Futi, zile za mwisho, ambazo mama yake hakuwahi kuzifungua. Kitanda cha chuma. Shuka la kijani. Mikono miwili iliyokonda juu ya shuka, na futi ya kupimia imezungushwa kwenye kifundo cha mkono mmoja, mara tatu, na bado ikabaki.

"Ni za hospitali tu, Mama," alisema. "Zimebaki za hospitali tu."

Mama Futi alikuja, akauweka mkasi chini, akavuta stuli. Akavaa miwani ingawa sasa alijua kwamba tatizo halikuwa macho.

"Nifungulie ya kwanza," akasema.

Kifungo akaifungua.